Kukuza sferoidi za saratani ya kongosho kwenye maabara ya Mbeya

Mbona midia yangu (kimiminika cha kulishia seli) inageuka zambarau hata kabla seli hazijashika chupa? Mbona uvimbe wa visima (vishimo vya sahani ya kukuzia) vya pembeni unadumaa kuliko wa katikati? Nianze na tishu ya mgonjwa au na seli za kununua? Maswali haya hurudi kila anapoingia mwanafunzi mpya. Mawili ya kwanza yanahusiana na jambo ambalo miongozo ya Ulaya na Marekani hailigusi kwa sababu haikuandikwa kwa ajili yako: Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. La tatu tulimalize hapa hapa. Anza na seli za kununua. Tishu ya mgonjwa ije baadaye, ukishaweza kukuza sahani tatu mfululizo bila uchafu.

Tunachotengeneza ni sferoidi, yaani tufe dogo la seli za saratani lenye upana wa chini ya nusu milimita. Seli zilizolala kwenye sakafu ya chupa hupata zote oksijeni na dawa kwa usawa. Kwenye tufe, za nje hushiba, za ndani hukosa hewa, na dawa hulazimika kupenya. Hali hiyo inakaribia zaidi uvimbe wa kweli. Nadharia tuiache hapo.

Seli zipi

Chukua PANC-1. Hujikusanya vizuri, huvumilia makosa ya anayejifunza, na hujigawa mara moja kwa takribani saa 52, kwa hiyo hazitakukimbiza. Zina badiliko la jeni ya KRAS aina ya G12D. MIA PaCa-2 hukua haraka zaidi (takribani saa 40) na zina G12C, lakini tufe lake hubaki legelege kama kiporo cha wali, ukiligusa linasambaa. BxPC-3 hazina badiliko la KRAS, hivyo zinafaa kulinganishia. Koo zote tatu huuzwa na hifadhi za seli zinazotoa cheti cha utambulisho wa DNA. Usikubali kichupa cha kupewa na rafiki wa maabara nyingine bila cheti hicho. Seli zilizoandikwa jina lisilo lao zimeharibu tafiti nyingi duniani.

Andaa kabla hujayeyusha seli

- Kabati la usalama wa kibayolojia daraja la 2, lililopimwa mtiririko wa hewa ndani ya mwaka huu. Kabati la kupuliza hewa kukuelekea wewe halifai.
- Inkubeta (kabati la joto la kukuzia seli) ya CO2, pamoja na mtungi mmoja wa gesi wa akiba uliojaa. Gesi ikija kwa lori kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo agiza unapofungua mtungi wa mwisho, usingoje sindano ifike kwenye nyekundu.
- Hadubini ya kutazama kutoka chini, yenye kamera au angalau kipimio kwenye jicho.
- Sentrifuji, bafu la maji la nyuzi 37, slaidi ya kuhesabia seli na rangi ya tripani bluu 0.4%.
- DMEM (midia ya msingi) yenye glukosi nyingi, seramu ya ndama (FBS), penisilini na streptomaisini, PBS (maji ya chumvi ya kuoshea seli) isiyo na kalsiamu wala magnesi, tripsini 0.25% yenye EDTA (ya kubandua seli kwenye chupa), DMSO (ya kukinga seli zinapogandishwa).
- Agarosi ya kawaida, unga wa kutengenezea jeli. Sahani maalumu zisizoshikwa na seli zipo na ni nzuri, lakini bei yake inauma. Agarosi kwenye sahani ya kawaida ya visima 96 vyenye sakafu bapa hufanya kazi ileile.
- Ethanoli 70%, na jiki ya 3.5%. Kipimo kimoja cha jiki kwa sita vya maji, kama wodini, hukupa klorini 0.5% ya kuua mabaki.

Midia kamili: DMEM ml 445, seramu ml 50, mchanganyiko wa antibayotiki (100x) ml 5. Andika tarehe kwenye chupa na uimalize ndani ya wiki nne, ikiwa kwenye jokofu la nyuzi 4. MIA PaCa-2 huongezewa pia seramu ya farasi 2.5%.

Namba tatu za kubadilisha kwa sababu ya mwinuko

Umeona pakiti ya krispu inavyovimba basi likishamaliza kupanda Kitonga? Hewa ya nje imepungua msukumo. Pwani ni kilopaskali 101, Mbeya ni kama 82. Kwenye maabara hilo linagusa mambo matatu.

*CO2.* Asilimia 5 ya hewa nyepesi ni gesi kidogo kuliko asilimia 5 ya pwani. Ili seli zipate kiasi kilekile, hapa unahitaji takribani 6.2. Lakini usiingize namba hiyo kwa kunakili tu, kwa kuwa vihisi vya inkubeta havisomi kwa njia moja. Pima mwenyewe: weka ml 5 za midia kwenye chupa ya T25 (sakafu ya sentimita za mraba 25) yenye mfuniko wa chujio, bila seli, ilale humo usiku mzima, asubuhi itoe na usome pH ndani ya dakika moja. Unataka 7.2 hadi 7.5. Ikizidi 7.6, ambapo midia hugeuka zambarau, pandisha CO2 kwa nusu asilimia na urudie kesho. Angalia pia lebo ya DMEM. Nyingi zina gramu 3.7 za sodiamu baikaboneti kwa lita, kiasi kilichokusudiwa CO2 ya asilimia 10, na hizo ndizo zinazogeuka zambarau kwanza. Ukipata yenye gramu 1.5, ichukue.

*Otoklevu*, chombo cha kutakasia vifaa kwa mvuke. Ile ya kienyeji yenye saa ya presha hudanganya huku juu. Presha ya pauni 15 inayoleta nyuzi 121 Dar es Salaam, Mbeya huleta kama 118 tu. Panda hadi karibu pauni 18, ikiwa mtengenezaji wa chombo anaruhusu. Asiporuhusu, baki pale pale na uongeze muda. Weka utepe wa kupimia kila mzigo. Utepe huonyesha kwamba joto limefika, hauthibitishi kwamba vijidudu vimekufa, kwa hiyo mara moja kwa mwezi tumia kichupa cha spora (vijidudu sugu vya kujaribia). Kuchemsha kwenye sufuria si kutakasa popote pale, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi.

*Ukavu.* Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ni kavu na visima vya pembeni hukauka. Jawabu lake liko kwenye hatua ya 8.

Hatua

1. Yeyusha seli. Toa kichupa kwenye naitrojeni, kiingize kwenye maji ya nyuzi 37 bila kuzamisha mfuniko, kitikise taratibu dakika moja hadi mbili. Kitoe kikiwa bado kina kipande cha barafu cha ukubwa wa punje ya mchele. Kikiyeyuka chote umechelewa, maana DMSO yenye joto ni sumu.

2. Futa kichupa kwa ethanoli, hamishia seli kwenye ml 9 za midia ya vuguvugu, tone kwa tone. Zungusha kwa g 200 (mara 200 ya nguvu ya uvutano, si gramu) dakika 5, mwaga maji ya juu, changanya mashapo na ml 5 za midia mpya, weka kwenye T25. Usizisumbue kwa saa 24. Seli zinazoelea siku ya kwanza ni za kawaida. Siku ya pili, zaidi ya nusu yake zikiwa bado zinaelea, kichupa kilikuwa kibovu.

3. Gawanya zikifunika asilimia 70 hadi 80 ya sakafu. Osha kwa PBS mara moja, kwa sababu seramu iliyobaki huzima tripsini. Kwenye T25 weka tripsini ml 1, rudisha kwenye inkubeta dakika 3 hadi 5, tazama kwenye hadubini. Seli ziwe duara na ziteleze ukigonga chupa ubavuni. Ongeza ml 4 za midia. Tripsini isipite dakika 8. Wengi husubiri hadi seli ya mwisho idondoke, na kufikia hapo nyingine zimeshachunika.

4. Zipitishe paseji (kugawanya na kuhamishia chupa mpya) mbili au tatu kabla ya kutengeneza sferoidi. Kwenye paseji ya kwanza hifadhi angalau vichupa vitano (hatua ya 13), na tuma sampuli ya kupima maikoplazma kwa PCR (kipimo cha DNA). Kijidudu hiki hakionekani kwenye hadubini yako, hakitii midia ukungu, na penisilini haikigusi kwa sababu hakina ukuta wa seli. Unachoona ni seli kuzubaa na matokeo kuyumba. Maabara yoyote yenye mashine ya PCR ya kawaida inaweza kupima.

5. Siku moja kabla, tengeneza agarosi 1.5%: gramu 0.75 kwenye ml 50 za PBS au DMEM isiyo na seramu. Maji matupu yasitumike, kwa sababu jeli hiyo itafyonza chumvi kutoka kwenye midia na seli zitavimba. Tia kwenye otoklevu dakika 20.

6. Ikiwa bado ya moto, nyuzi 60 hadi 70, weka mikrolita 50 kila kisima. Fanya haraka, safu moja baada ya nyingine. Asubuhi za Juni na Julai jeli hugandia ndani ya ncha ya pipeti kabla hujafika safu ya tatu, kwa hiyo pasha sanduku la ncha kwenye oveni ya nyuzi 60 na weka chupa ya agarosi ndani ya bika la maji moto. Usipulize tone la mwisho kutoka kwenye pipeti. Kiputo kimoja kikiganda katikati, kisima hicho kimeharibika.

7. Acha sahani tambarare ndani ya kabati dakika 20. Itazame kwa ubavu: jeli ipande ukutani na katikati ibonyee kama bakuli. Bonde hilo ndilo litakalokusanya seli. Sahani ikiwa imeinama hata kidogo wakati wa kuganda, bonde linahamia pembeni na utapata mwezi mwandamo badala ya tufe.

8. Tumia visima 60 vya ndani tu. Safu zote za pembeni, visima 36, zijaze mikrolita 200 za maji yaliyotakaswa. Ndani ya inkubeta, trei ya chini isikose maji yaliyochujwa.

9. Hesabu seli. Changanya mikrolita 20 za seli na 20 za tripani bluu, hesabu miraba minne mikubwa ya pembe, acha zilizomeza bluu, maana zimekufa. Mfano: 62, 58, 71 na 65. Wastani ni 64. Zidisha kwa 2 na kwa 10,000, unapata seli 1,280,000 kwa ml. Zilizo hai zikiwa chini ya asilimia 90, ahirisha.

10. Mara ya kwanza jaribu viwango vinne, usichague namba ya kwenye makala ya mtu. Kwa hesabu ya juu, chukua mikrolita 125 za seli, ongeza midia ml 3.875: una ml 4 zenye seli 40,000 kwa ml. Chukua ml 2 za hiyo, changanya na ml 2 za midia. Rudia mara mbili zaidi. Sasa una mirija minne ya 40,000, 20,000, 10,000 na 5,000. Weka mikrolita 100 kwenye visima 15 kwa kila mrija, yaani seli 4,000, 2,000, 1,000 na 500 kwa kisima. Pindua mrija kila baada ya visima vitano, maana seli huzama wakati wewe unahesabu safu.

11. Zungusha sahani kwa g 100 dakika 5 kama sentrifuji ina vishikio vya sahani. Kama haina, iache mezani dakika 15 bila kuigusa. Iingize kwenye inkubeta kwa mikono miwili, polepole kama mtu aliyebeba uji uliojaa kikombe, na usiiguse kwa saa 48. Udadisi wa siku ya kwanza huvunja sferoidi nyingi kuliko bakteria.

12. Siku ya 2 ongeza mikrolita 100 za midia taratibu ukutani mwa kisima. Baada ya hapo, kila siku ya pili au ya tatu, toa 100 na urudishe 100, ncha ya pipeti ikiwa juu, mbali na bonde. Siku ya 4 pima urefu (L) na upana (W) wa kila tufe. Ujazo ni nusu ya L mara W mara W. Chagua kiwango cha seli kilichokupa mikromita 350 hadi 450 siku hiyo. Chini ya 300 tufe ni dogo mno kuwa na tofauti kati ya nje na ndani. Likipita 500 kiini huanza kufa kwa kukosa oksijeni, na utashindwa kujua kilichoua ni dawa au njaa. Visima vinavyotofautiana na wastani kwa zaidi ya asilimia 15 viondoe kabla ya kuweka dawa. Ukiviondoa baadaye, unachagua majibu.

13. Kuhifadhi: seli 1,000,000 hadi 2,000,000 kwa ml, kwenye seramu 90% na DMSO 10%, zikiwa zinakua vizuri, si zilizojazana. Zishuke nyuzi moja kwa dakika ndani ya kopo la isopropanoli kwenye friza ya −80, kesho yake zihamie kwenye naitrojeni ya maji. Kama kituo chako hakina naitrojeni, waulize wanaohimilisha ng'ombe wa maziwa kule Rungwe inajazwa wapi, kwa sababu wao huhifadhia mbegu humo humo. Kwenye −80 pekee seli hudhoofika mwezi hadi mwezi.

Kuweka dawa na kusoma matokeo

Gemsitabini, dawa ya saratani, ndiyo ya kulinganishia, na huyeyuka kwenye maji. Kosa la kawaida liko kwenye hesabu ya mchanganyiko. Una mikrolita 200 za midia, unatoa 100, unaweka 100 zenye dawa mara mbili ya lengo, na unaamini umepatia. Umesahau mikrolita 50 za agarosi, ambazo nazo hunywa dawa. Ujazo wako wa kweli ni 250, kwa hiyo tengeneza dawa ya mara 2.5. Weka visima sita visivyo na dawa vyenye kiyeyusho tu, na sita visivyo na seli. Soma baada ya saa 72.

Kwa kupima seli zilizo hai, MTT (kipimo cha rangi) haipenyi vizuri ndani ya tufe. Kipimo cha ATP (nishati ya seli) ni kizuri lakini kinahitaji mashine ya kusoma mwanga. Cha bei nafuu ni asidi fosfatesi (kimeng'enya cha seli), kinachosomwa na mashine ya kawaida ya ELISA, inayosoma rangi ya visima. Hamisha sferoidi kwenye sahani safi kwa ncha iliyokatwa kipana, osha kwa PBS mara mbili ili kuondoa seramu na rangi ya midia, acha mikrolita 100 za PBS. Ongeza mikrolita 100 za bafa ya sitreti 0.1 M ya pH 4.8 yenye Triton X-100 0.1% na para-naitrofenili fosfeti mg 2 kwa ml. Nyuzi 37 kwa dakika 90, kisha mikrolita 10 za NaOH 1 M, soma kwenye nanomita 405 ndani ya dakika kumi.

Mambo yakienda kombo

Seli zimetawanyika, hakuna tufe. Kama kuna seli zilizonyooka sakafuni, agarosi haikufunika kisima chote. Kama zinaelea kama mchanga, tripsini ilizidi au ukoo wenyewe ni mgumu. Kwa MIA PaCa-2 ongeza Matrigel (jeli ya protini) 2.5% kwenye midia ya kupandia, au methiliselulosi 0.24%. Matrigel huanza kuganda ikipita nyuzi 10, na asubuhi ya baridi ya Julai si mbadala wa barafu: chupa, ncha na midia vyote vikae kwenye barafu.

Matufe mawili au matatu kwenye kisima kimoja. Seli zilikuwa na mabonge. Zipitishe kwenye chujio la mikromita 40 kabla ya kuhesabu.

Midia imegeuka njano usiku mmoja na ina ukungu: bakteria. Nyuzi nyeupe kama pamba: kuvu, mara nyingi kutoka trei ya maji. Usijaribu kuokoa. Mwagia klorini 0.5%, subiri dakika 30, mwaga. Kisicholowekwa kwenye klorini ndicho kiende otoklevu. Klorini ikipashwa moto hutoa gesi ya kuumiza mapafu.

Midia zambarau, seli hazikui. Rudi kwenye kipimo cha pH. Hakikisha pia mfuniko wa chupa ni wa chujio, na kama si wa chujio, umelegezwa robo mzunguko.

Umeme umekatika. Usifungue mlango wa inkubeta kuona kama bado kuna joto. Huko ni kulitoa. Seli huvumilia kupoa kwa saa chache kuliko kupita nyuzi 39. Kwa hiyo hatari kubwa ni umeme unaporudi na joto kupitiliza: kaa na kipimajoto cha pembeni, usiamini skrini peke yake. Inkubeta ipate soketi yenye betri ya akiba, na jokofu la seramu lipate yake.

Matokeo ya leo hayafanani na ya mwezi jana. Angalia namba ya paseji. Ukipita 20 tangu kuyeyusha, tupa na ufungue kichupa kipya. Halafu angalia toleo la seramu, halafu maikoplazma, kwa mpangilio huo.

Ukishaweza hayo

Uvimbe wa kongosho kwa mgonjwa si seli za saratani peke yake. Sehemu kubwa ni tishu ngumu ya kuzizunguka, na ndiyo inayozuia dawa. Hatua inayofuata ni kupanda PANC-1 pamoja na fibroblasti au seli za steleti za kongosho (ndizo zinazotengeneza tishu hiyo ngumu), uwiano wa 1:1, jumla yake ikiwa idadi ileile uliyochagua kwenye hatua ya 12. Tufe litakuwa dogo na gumu zaidi kwa idadi ileile, kwa hiyo pima upya.

Tishu ya mgonjwa inahitaji kibali cha maadili, ambacho kwa ngazi ya taifa hutolewa na kamati iliyo chini ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na ridhaa ya maandishi ya mgonjwa kwa Kiswahili anachokielewa. Inahitaji pia makubaliano ya kuhamisha sampuli kama kipande kitatoka nje ya nchi. Zungumza na daktari wa upasuaji na wa patholojia kabla ya kuandika ombi, kwa sababu kipande cha uchunguzi wa mgonjwa hutangulia na wewe unapata kinachobaki. Kwenye sampuli ya kongosho iliyotolewa kwa sindano kinachobaki mara nyingi ni uzi wa milimita chache, utakaokaa kwenye midia baridi yenye antibayotiki kutoka chumba cha upasuaji hadi kwenye kabati lako.